Madrasa, kipindi cha dini, shule ya Kiislamu au ustadh wa nyumbani: akida na makatazo mtoto ayasome wapi?

Januari shule zikifunguliwa, mzazi wa Kiislamu mjini hupiga simu nyingi. Huuliza ada, huuliza basi, huuliza matokeo ya kidato cha nne. Dini huja mwisho, kwa swali moja fupi: "Na dini wanasoma?" Akijibiwa ndiyo, hutulia. Jibu hilo halimwambii kitu. Dini inasomwa kwenye baraza la msikiti baada ya alasiri, inasomwa kwenye kipindi cha mwisho katika shule ya kata, inasomwa kwenye bweni ambako watoto huamshwa alfajiri kwa pamoja, na inasomwa sebuleni na ustadh anayelipwa kwa mwezi. Kinachomfikia mtoto hutofautiana sana, hasa katika mambo mawili ninayoyapima hapa: akida, yaani kile anachokiamini moyoni, na makatazo, yaani kile anachojizuia nacho hata pasipo mtu wa kumwona.

Kusoma msahafu nimekuweka kando makusudi. Huko madrasa ya mtaani inashinda, hakuna cha kulinganisha. Lakini mtoto anaweza kuhitimu juzuu zote thelathini na asijue kwa nini kamari imekatazwa, na kila mtaa una wawili watatu wa aina hiyo.

Kipimo ninachotumia

Katika Sahihi Bukhari, mkusanyo wa Hadithi, kuna maneno ya Bi Aisha, mke wa Mtume, ambayo yangefaa kubandikwa ukutani kila panaposomeshwa watoto. Anasema sura za mwanzo kuteremka zilitaja Pepo na Moto. Watu walipokwisha kuingia katika Uislamu ndipo zikaja halali na haramu. Lau jambo la kwanza lingekuwa "msinywe pombe", wangesema hatutaacha pombe kamwe, na lau lingekuwa "msizini", wangesema hatutaacha zinaa kamwe. Pombe yenyewe ilikatazwa kwa hatua. Aya ya 219 ya sura ya Baqara katika Kurani ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, aya ya 43 ya Nisaa ikazuia kusali mtu akiwa amelewa, kisha aya ya 90 ya Maida ikaifunga moja kwa moja pamoja na kamari. Hapo katikati ilipita miaka, na waliokuwa wakifundishwa ni watu wazima.

Luqman naye, mtu wa hekima anayetajwa katika sura ya 31 ya Kurani, anapomuusia mwanawe huanza na "usimshirikishe Mwenyezi Mungu". Baadaye anamwambia kwamba jambo hata likiwa na uzito wa punje ya hardali, likajificha ndani ya jabali, Mwenyezi Mungu atalileta. Ndipo anamwamrisha sala, na adabu za kutembea na kusema zinakuja mwisho kabisa. Tena kila analomkataza analipa sababu: shirki ni dhuluma kubwa, na sauti mbaya kuliko zote ni ya punda.

Kuna pia kisa cha tende. Hassan, mjukuu wa Mtume (s.a.w.), akiwa bado mdogo alitia mdomoni tende ya sadaka. Mtume alimwambia aiteme, kisha akamuuliza: "Hujui kwamba sisi hatuli sadaka?" Mtoto hajafika hata umri wa kuamrishwa sala, na bado akaelezwa kwa nini.

Basi natazama vitu vitatu. Je, imani inatangulia marufuku? Marufuku inakuja na sababu? Na mtoto akiuliza swali zito, kuna mtu wa kumjibu? Hili la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa, na utaona ndilo linaloangusha wengi.

Madrasa ya mtaani

Sifa zake zinajulikana. Iko karibu, ada yake ni ndogo, na mwalimu anamjua mtoto, baba yake na bibi yake. Mtoto anakaa kwenye mkeka na wenzake wa rika zote, wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Akida hufundishwa kwa kukariri: nguzo sita za imani, nguzo tano za Uislamu, majina ya Malaika, vitabu vinne. Sioni ubaya wa kukariri. Mtoto wa miaka minane humeza maneno kwa urahisi ambao hataupata tena, na maana huweza kufuata. Ubaya ni pale maana isipofuata kabisa, kwa sababu mwalimu mmoja ana watoto sitini na magharibi inaingia.

Jambo ambalo wazazi hawaulizi, na lingefaa liwe swali la kwanza, ni akida ipi inayosomeshwa. Madrasa kongwe za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafi katika sheria na mafundisho ya Imam Ash'ari katika akida: watoto huimba sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, na wakikua husomeshwa Aqidatul Awam, shairi fupi la Kiarabu la beti 57, pamoja na fikihi, yaani sheria za ibada, ya kitabu cha Safina. Madrasa za mwelekeo wa Kisalafi, yaani wanaosisitiza kurudi kwa Waislamu wa vizazi vya kwanza, zilizoongezeka kadiri vijana wetu waliosoma Madina walivyorejea, huanza na maswali ya Misingi Mitatu: ni nani Mola wako, ipi dini yako, ni nani Mtume wako. Halafu tauhidi, yaani imani ya Mungu mmoja, hugawanywa mafungu matatu. Unguja na Pemba wapo Maibadhi, kundi jingine la Waislamu, wenye mafunzo yao, na Shia Ithnaasheri na Mabohora wana madrasa zao wenyewe.

Kwa mzazi hii si mijadala ya wanazuoni tu. Ni suala la chakula cha jioni. Mtoto aliyepelekwa bila kuuliza atarudi siku moja akamwambia bibi yake kwamba Barzanji, kisomo cha maulidi anachokisoma kila Mfungo Sita, ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Au atarudi kutoka upande wa pili akisema wale wa msikiti ule hawampendi Mtume. Nani kapatia si kazi ya ukurasa huu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka tisa hapaswi kuwekwa kadhi baina ya bibi na ustadh. Madrasa yoyote inayomfundisha kuwahukumu wakubwa wake kabla hajajua kutawadha vizuri imeshapindua mpangilio wa sura ya Luqman, ambayo mara baada ya tauhidi inawataja wazazi.

Na kuna hirizi. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ile yenye aya za Kurani tupu. Ile yenye michoro na majina yasiyojulikana haina mtetezi wa maana. Sasa somo la shirki linasomeshwa asubuhi, na jioni mwalimu yuleyule anamwandikia mteja hirizi ya kupata kazi. Watoto wanaona. Wanaona pia mama anavyompeleka mdogo wao kwa mganga homa ikizidi. Katika hili lawama siitupi yote madrasa, maana hakuna darasa la tauhidi litakalosimama kwenye nyumba inayotafuta ulinzi penginepo.

Tukija kwenye makatazo, hapo ndipo madrasa inanipa wasiwasi zaidi. Hufundishwa kwa hofu: moto, nyoka wa kaburini, na fimbo iliyoegeshwa ukutani. Tena neno haramu humwagwa kila mahali. Kupiga mluzi usiku haramu, kukata kucha usiku haramu, kufagia usiku haramu. Hiyo ni miiko ya wazee wetu, mingine ina hekima yake, lakini haimo katika Kurani wala Hadithi. Mtoto huiweka rafu moja na riba na zinaa. Akija kufika kidato cha pili akagundua kwamba mluzi haukuwa na lolote, anaanza kuitilia shaka rafu nzima, na huwezi kumlaumu sana.

Fimbo nayo husimamiwa kwa hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa kuiacha wakiwa na kumi. Wanaoitaja huruka hesabu yake. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, kila siku sala tano: ni zaidi ya mara elfu tano za kuambiwa kwa maneno. Na hata hapo fukahaa, wanazuoni wa sheria, waliweka masharti ya kutoumiza wala kuacha alama. Kwa upande wa sheria za nchi, Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Tanzania Bara kanuni za tangu 1979 zinaruhusu viboko shuleni kwa mipaka, visizidi vinne. Madrasani mara nyingi hakuna mkaguzi anayefika, kwa hiyo mkaguzi ni wewe.

Kipindi cha dini shuleni

Hapa inategemea uko upande gani wa maji na wa mpaka. Zanzibar, dini ya Kiislamu ni somo la kawaida katika shule za serikali, lina mwalimu wake na ratiba yake. Tanzania Bara, serikali haina dini. Kipindi kipo kwenye ratiba, lakini mwalimu mara nyingi ni wa kujitolea au ametafutwa na Waislamu wa eneo hilo, kwa hiyo shule mbili za kata moja zinaweza kutofautiana kabisa. Kenya, IRE (somo la dini ya Kiislamu) imewekwa bega kwa bega na CRE (ya Kikristo) na HRE (ya Kihindu), mwanafunzi anachukua moja. Mombasa au Garissa hilo halina shida. Kwenye shule ya bara yenye Waislamu wanane, mwalimu wa IRE akikosekana, mtoto hujikuta kwenye CRE kwa sababu tu hakuna pa kumweka.

Pale mwalimu alipo, kipindi hiki kina nguvu ambayo wazazi hawaioni. Muhtasari wake una mpangilio. Kijana anapita kwenye imani, ibada, akhlaki, ndoa, mirathi, biashara na riba, na historia, kwa utaratibu ambao madrasa nyingi hazina. Kwa vijana wengi wa miaka kumi na sita hapa ndipo mahali pekee wanapoketi na kusikia mkopo wenye riba ni upi na biashara halali ni ipi. Tanzania Bara kuna faida nyingine: mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wa kidato cha nne hufanywa kwa Kiswahili, wakati fizikia na jiografia ni Kiingereza. Angalau hapa kijana anafikiri kwa lugha anayoiota.

Udhaifu wake ni mtihani wenyewe. Swali linasema: taja hasara tano za ulevi. Mwanafunzi anaandika ini, umaskini, ajali, kuvunjika ndoa, kupoteza kazi. Anapata alama zote. Soma tena orodha hiyo. Angeweza kuiandika mwalimu wa afya asiyeamini chochote. Mwenyezi Mungu hayumo. Na katazo lililojengwa juu ya madhara peke yake lina mlango wa nyuma: "nikinywa kidogo sidhuriki." Aya ya 91 ya Maida haikuacha mlango huo. Inataja uadui na chuki baina ya watu, kisha inataja kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Mwalimu mzuri huunganisha vyote viwili. Mwalimu anayekimbizana na silabasi hubaki na ini.

Kwa hiyo A ya dini kwenye cheti ni habari njema kwa cheti. Usiisome kama ripoti ya moyo.

Shule ya Kiislamu

Kinachouzwa hapa ni mazingira, na mazingira yana thamani. Sala ya adhuhuri ni ya jamaa na haimgombanishi mtoto na ratiba. Binti hajielezi kwa nini amevaa hijabu. Chakula hakina shaka. Ramadhani shule nzima imefunga. Imani ambayo watu mia tatu wanaiishi kwa wakati mmoja humwingia mtoto bila somo, na hilo madrasa ya saa mbili kwa siku haiwezi kulitoa.

Makatazo, hata hivyo, hugeuka haraka kuwa kanuni za shule. Simu marufuku, muziki marufuku, barua za mapenzi marufuku, na adhabu yake imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Kijana hutii kwa sababu kuna geti na mlinzi. Akimaliza kidato cha sita, geti linabaki nyuma yake. Ninachotafuta ninapotembelea shule ya namna hii ni kitu kimoja: je, anayefundisha akida ndiye huyohuyo anayeshika nidhamu? Kama ustadh wa tauhidi ndiye anayepekua mabegi usiku wa Jumapili, hakuna kijana atakayemwendea kumwambia alichokiona kwenye simu ya mwenzake wala kinachomsumbua kuhusu kuwepo kwa Mungu. Zipo shule zilizotenganisha kazi hizo mbili, na tofauti huonekana kwenye nyuso za wanafunzi ustadh anapopita.

Tazama pia wanavyowazungumzia wasiokuwemo. Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi ataishi na Wakristo ngazi moja, atafanya nao kazi, na pengine ana shangazi Mkristo. Aya ya 8 ya Mumtahana inasema Mwenyezi Mungu hawakatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita. Shule inayofundisha makatazo mengi ikasahau kufundisha kwamba hili halijakatazwa, imempa mtoto dini yenye kuta nyingi kuliko milango.

Kuhusu ada sina mengi ya kusema. Ni kubwa, na bweni ni kubwa zaidi. Ila jina la Kiarabu kwenye bango si mtaala. Omba ratiba ya wiki uhesabu mwenyewe vipindi vya dini. Kuna shule zina vipindi viwili tu, sawa na shule ya serikali yenye mwalimu wa kujitolea.

Ustadh wa nyumbani, na yule wa kwenye skrini

Hii ni njia ya zamani iliyorudi kwa sura mpya. Faida yake ni moja, lakini ni kubwa: mtoto anauliza. Ustadh mzuri na watoto wawili sebuleni wanaweza kumaliza kwa mwezi mmoja maswali ambayo madrasa ingeyazima kwa miaka. Kwa familia za Waswahili walioko London au Toronto, ustadh wa Mombasa au Unguja anayefundisha kwa video ndiye pengine mtu pekee, ukiwatoa wazazi, anayezungumza dini na mtoto kwa Kiswahili.

Hasara zake: mtoto hana wenzake wa kusali nao, gharama ni ya mwezi hadi mwezi, na ustadh hana wa kumsimamia. Mlango wa sebule ubaki wazi. Darasa la video lifanyike pale mama au baba anaposikia. Hili ni sharti kwa kila mwalimu, awe shekhe mkubwa kiasi gani, na shekhe wa kweli hataudhika. Tena usichanganye mwalimu wa video anayemjua mwanao kwa jina na vile vipande vya dakika moja vinavyotoa fatwa ya kila kitu. Kile kipande hakijui mwanao ana miaka mingapi.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| Njia | Akida | Makatazo | Umri unaofaa zaidi |
|---|---|---|---|
| Madrasa ya mtaani | Hukaririwa vizuri, maana hutegemea mwalimu | Hofu nyingi, sababu chache | Miaka 5 hadi 12 |
| Kipindi cha dini | Ina mpangilio, ila ni ya mtihani | Sababu nyingi, nyingine za kidunia tu | Sekondari |
| Shule ya Kiislamu | Watoto huiishi kila siku | Hugeuka kanuni za shule | Wote, ukichagua kwa makini |
| Ustadh wa nyumbani | Hutegemea mtu mmoja | Maswali hujibiwa | Miaka 12 na kuendelea |

Safu ya mwisho ndiyo ninayotaka uitazame, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Wanapoacha kusoma ndipo hesabu inapoanza

Hadithi inasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Maana yake zinaa, ulevi, riba na kamari havimwandikiwi mtoto wa miaka minane, na kwa kweli hana njia ya kuvifanya. Lakini ndiye tunayemmwagia makatazo hayo yote, kila jioni, kwa miaka saba. Kisha anabaleghe. Anahitimu msahafu, au anaanza kuona haya kukaa mkeka mmoja na wadogo, au masomo ya ziada ya hisabati yanachukua jioni yake. Anaacha madrasa kwenye miaka kumi na mitatu, mwaka uleule ambao kalamu inashuka na simu inaingia mfukoni.

Hapo vishawishi vinakuja kwa majina ambayo madrasa haikuyataja. Kijana anajua kamari ni haramu, ameimba hivyo tangu utotoni. Anachokifanya yeye ni kubeti, na kubeti anakuona ni ujuzi wa mpira. Anajua riba ni haramu. Mkopo wa papo kwa papo wa kwenye simu anaona ni huduma. Anajua zinaa ni haramu. Picha anazotumiwa usiku hakuna aliyempa hukumu yake, na hathubutu kuuliza. Hakukosa kufundishwa. Alifundishwa mapema mno, kwa maneno ya juu juu, kisha akaachwa peke yake wakati somo lilipoanza kuwa lake.

Angalia Mtume alivyokabiliana na umri huo. Imam Ahmad, mkusanyaji wa Hadithi, anapokea kwa sahaba Abu Umama kwamba kijana mmoja alikuja akasema mbele za watu: "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, niruhusu kuzini." Watu wakamkaripia. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza: unalipendelea hilo kwa mama yako? Kwa binti yako? Dada yako? Shangazi zako? Kijana anajibu kila mara, hapana. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Hakuna adhabu humo, na hakuna swali lililozimwa. Kipimo changu cha ustadh wa vijana ni hiki: je, kijana wa leo anaweza kumwambia sentensi ya namna ile na akatoka salama?

Nani achukue ipi

Mwenye watoto wa shule ya msingi na kipato cha kawaida, abaki na madrasa ya mtaani, lakini achague kwa akida na kwa mwalimu badala ya ukaribu peke yake. Dakika kumi kwa miguu zaidi ni gharama ndogo. Halafu afanye nyumbani kazi ambayo madrasa haifanyi: kutenganisha mwiko na haramu, na kusema sababu. Hilo halihitaji elimu kubwa. "Hatuli hiki kwa sababu Mwenyezi Mungu kakikataza, na sisi tunamwamini" ni sababu kamili kwa mtoto wa miaka sita, na inatanguliza imani vilevile.

Mwenye kijana wa sekondari na fedha za jambo moja tu, wala si mbili, asikimbilie bweni. Kipindi cha dini kikiwa na mwalimu, kijana akichukue kwa uzito. Kisha wazazi watatu wanne wa mtaa wachange, wamlipe ustadh mmoja mwenye subira akae na vijana wao Jumamosi, wavulana kwa wakati wao na wasichana kwa wao, ikiwezekana wasichana wafundishwe na mwalimu mwanamke. Makala nzima ikikuchosha, chukua hili peke yake. Ni rahisi kuliko shule yoyote na linaziba pengo ambalo hakuna kati ya njia nne inayoliziba yenyewe.

Mwenye uwezo wa shule ya Kiislamu, aichukue kwa furaha, ila asidhani amekabidhi kazi. Kwa mtoto wa bweni, likizo ndiyo madrasa yako wewe, na ni fupi.

Familia iliyo mahali penye Waislamu wachache, iwe Mbeya, Eldoret au Ulaya, haina anasa ya kuchagua. Ustadh wa video kwa akida, na mzazi kwa makatazo, maana mzazi ndiye anayejua shule ya mtoto ina sherehe gani na friji ya jirani ina nini. Wanaoishi Muscat wana hali yao: shule zinafundisha dini vizuri kwa Kiarabu, ila wasishangae mtoto akikosa maneno ya kuzungumza dini hiyohiyo na bibi yake aliyeko Unguja.

Kabla hujaandikisha popote, nenda ukakae darasani nusu saa bila kutoa taarifa ndefu. Uliza kitabu cha akida kinachotumika na ukione. Uliza mtoto akikosea hufanywa nini, kisha waulize watoto swali hilohilo. Angalia choo, na kama cha wasichana kina mlango. Mwisho muulize ustadh: kijana akikuuliza tunajuaje kwamba Mungu yupo, unamjibuje? Akikujibu kwa dakika tano, muulize siku za masomo. Akikwambia watoto wa Kiislamu hawaulizi maswali ya namna hiyo, mshukuru, mwachie sadaka ya mkeka, uende ukaone madrasa ya mtaa wa pili.